Sosi za Maziwa Lala na Kefiri kwa Meza za Ukambani

Ukiingia hotelini mjini Wote au Kitui siku ya soko, mezani utakuta chupa mbili: moja ya tomato, nyingine ya mayonezi. Wateja wanazimimina juu ya chipsi, juu ya nyama choma ya mbuzi, na siku hizi hata juu ya kachumbari. Chupa hizo zimeshafika majumbani pia, ilhali katika nyumba hizohizo kuna jagi la maziwa yaliyoganda yanayongoja kuliwa na ugali. Nataka kukushawishi uyatoe maziwa hayo kwenye jagi uyafanye sosi: nzito ya kuchovyea, na nyepesi ya kumiminia saladi.

Sababu yangu kubwa ni mafuta. Mayonezi ya kawaida, zaidi ya theluthi mbili yake ni mafuta ya kupikia, na kijiko kimoja cha mezani hubeba kalori karibu 90. Kijiko hicho cha maziwa yaliyoganda hubeba kama kalori 10 tu. Sababu nyingine ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Sosi ya chupa inakulisha chumvi na sukari ambazo hukuzipima. Ile ya nyumbani unaitia chumvi kwa mkono wako.

Maziwa hayo ya sosi yanaweza kuwa lala ya kawaida au kefiri. Kefiri ni maziwa yaliyochachushwa yenye asili katika milima ya Kaukazi, baina ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Hugandishwa kwa chembe nyeupe zilizokunjamana kama ua la koliflawa, na ndani ya chembe hizo bakteria na hamira huishi pamoja. Unaziweka katika maziwa, unazingoja, unazichuja, kisha unazitia katika maziwa mapya. Zikitunzwa huongezeka, ndiyo maana wenye nazo hugawiana bila shida. Maziwa lala hayana chembe: unatia vijiko vichache vya lala ya jana katika maziwa ya leo. Kefiri ni chachu zaidi, ina povu kidogo na harufu ya mkate unaoumuka, na aina za vijidudu vilivyomo ni nyingi zaidi.

Je, ufunge safari hadi Nairobi kutafuta chembe? Kwa maoni yangu, hapana. Kila sosi nitakayoieleza hapa inakubali maziwa lala. Ukishatia kitunguu saumu, dania na pilipili, wachache sana mezani watatambua ulitumia nini. Ukipewa chembe na rafiki, zipokee kwa mikono miwili. Ukizikosa, nunua maziwa lala yasiyo na sukari wala ladha ya stroberi, au yagandishe mwenyewe. La kukumbuka ni kwamba kefiri ya nyumbani huwa na kileo kidogo kwa sababu ya hamira, kwa kawaida chini ya asilimia 1. Asiyetaka kileo hata tone, kwa dini au kwa sababu nyingine, atumie lala.

Tuanze na maziwa yenyewe, kwa maana hapa ndipo wengi wanapolegea. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na viini vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu wa kuganda si dawa ya kutegemea dhidi yake. Chemsha maziwa hadi yapande na kufoka, yaache yapoe kabisa, ndipo utie chembe au lala ya jana. Ukinunua kwenye ATM ya maziwa, uliza kama yamechemshwa kiwandani. Kama hujaridhika na jibu, chemsha tu. Maziwa ya mbuzi nayo yanafaa, ila mgando wake ni laini, hivyo sosi yake itahitaji kuning'inizwa kwenye kitambaa muda mrefu zaidi.

Kuna sumu moja ambayo moto hauiwezi, na watu wa Makueni na Kitui wanaijua kuliko Wakenya wengine wote. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota ukungu yalisababisha maradhi ya ini katika maeneo ya mashariki na kati ya Kenya. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 317, na 125 kati yao wakafariki. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Sumu hiyo ni aflatoksini. Tangu wakati huo wengi wamejifunza kutokula mahindi yaliyooza, lakini bado utamsikia mtu akisema, "Hayo yasitupwe, mpe ng'ombe." Ng'ombe akiyala, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa. Ukiyachemsha haitoki, na ukiyagandisha usidhani umeyasafisha. Kwa hiyo sosi nzuri huanzia ghalani: mahindi yenye ukungu yasiingie hata kwenye hori. Kama unanunua kwa jirani, si utovu wa adabu kumwuliza kwa upole, "Mwaitu, ng'ombe wako anakula nini msimu huu?"

Sasa kuganda. Kwa lita moja ya maziwa, tia vijiko viwili vya mezani vya chembe za kefiri, au vijiko vitatu vya maziwa lala. Tumia mtungi wa kioo au chombo cha plastiki cha chakula. Usigandishie katika sufuria ya alumini, hata kama ndiyo uliyochemshia, kwa sababu uchachu hula alumini na maziwa hupata ladha ya chuma. Funika kwa kitambaa safi au kifuniko kilicholegezwa. Kefiri hutoa hewa, na mtungi uliokazwa sana unaweza kukurukia.

Kefiri hupenda joto la nyuzi 20 hadi 25. Ukiwa Mbooni au Kilungu mwezi wa Julai, jikoni kuna baridi na maziwa yatakaa siku nzima au zaidi kabla ya kuganda. Ukiwa Kibwezi au Mutomo mwezi wa Februari, mambo ni mengine: saa 12 zinaweza kutosha, na ukichelewa utakuta maji ya kijani-manjano yamejitenga chini, donge zito likielea juu, na uchachu wa kukunja uso. Hayajaharibika, lakini sosi yake itakuwa kali. Kwa joto hilo, gandisha usiku, weka mtungi sakafuni kwenye kona isiyopigwa na jua, uzungushie kitambaa chenye maji, na upunguze chembe hadi kijiko kimoja. Yakiwa tayari, ukiinamisha mtungi, mgando hutoka ukutani kwa pamoja, laini, bila kumwagika kama maziwa ya kawaida.

Chuja kefiri kwa chujio la plastiki au la chuma kisichoshika kutu, ukikoroga kwa upole ili chembe zibaki juu. Zirudishe katika maziwa mapya mara moja. Usizioshe kwa maji ya mfereji yenye klorini, wala usizitie chumvi. Ukiona rangi ya waridi, ya chungwa au nyeusi, au manyoya ya ukungu juu, tupa maziwa pamoja na chembe zake. Usijaribu kuokoa nusu.

Siri ya sosi ya kuchovyea haimo katika viungo. Siri ni kutoa maji. Watu hujaribu kuchanganya lala na kitunguu saumu moja kwa moja, wakapata kitu chepesi kinachochuruzika kwenye karoti hadi kwenye kiwiko, kisha wakarudi kwa mayonezi. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kilichochemshwa na kukaushwa juani, kisicho na harufu ya sabuni. Kitandike ndani ya chujio, mimina maziwa yaliyoganda, kusanya ncha nne, funga fundo, ning'iniza juu ya bakuli. Mwanzoni maji hutiririka, halafu hudondoka tone kwa tone. Baada ya saa mbili una kitu kizito kama uji wa mgonjwa, cha kumwagia viazi. Baada ya saa tano au sita, ukifungua fundo utaona alama za nyuzi za kitambaa zimejichapa juu ya donge jeupe, na ukilibonyeza kwa kijiko shimo linabaki wazi. Hapo ndipo penye sosi ya kuchovyea. Ukiliacha usiku kucha ndani ya friji utapata jibini laini ya kupaka mkate. Lita moja itakupa kati ya theluthi na nusu yake, kutegemea mafuta ya maziwa na saa ulizongoja.

Maji yaliyodondoka usiyamwage. Kandia chapati, koroga katika uji ukishaepuliwa, au uyatumie kulegeza sosi ya saladi. Ila usiyatie kwenye sufuria ya maharagwe au muthokoi ambao haujaiva: uchachu huzuia maharagwe kulainika, nawe utachoma kuni hadi jioni.

Sosi ya msingi ni hii: kikombe kimoja cha donge lililokamuka, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa na chumvi robo kijiko cha chai, kiganja cha dania iliyokatwakatwa, pilipili mbichi kwa kadiri ya ujasiri wako, na maji ya nusu limau. Iache itulie nusu saa kabla ya kuila, maana ukali wa mwanzo wa kitunguu saumu hutulia. Chovyea karoti, matango, viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo, au nyama choma. Nyama ya mbuzi, hasa yenye mafuta ya pembeni, hupendana sana na kitu baridi na kichachu.

Ile ninayoipenda kuliko zote ni ya ndengu. Kitui si mgeni wa ndengu. Charity Ngilu alipokuwa gavana, kati ya 2017 na 2022, aliifanya kuwa zao la kampeni nzima. Lakini jikoni tumeifungia katika mapishi mawili, mchuzi wa chapati na mchuzi wa wali. Chemsha ndengu hadi zipasuke na kuvurugika, zimwage maji vizuri, zipoe. Kikombe kimoja cha ndengu hizo kiponde kinuni au kwa mwiko, kisha upitishe kwenye chujio ukitaka kuondoa maganda. Kaanga nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba bila mafuta hadi inukie, isage. Changanya na nusu kikombe cha donge la maziwa, punje ya kitunguu saumu, maji ya limau, kijiko kimoja cha mafuta na chumvi kidogo. Rangi yake si ya kupigiwa picha, nakubali, ni ya kijivu inayoelekea kijani. Nyunyiza dania juu na mambo yaishe. Mtoto anayekataa ndengu sahanini atazila hizi kwa kipande cha chapati, na utakuwa umempa protini ya mmea na ya maziwa kwa mkupuo mmoja. Mbaazi mbichi zilizochemshwa zinafaa vivyo hivyo, na ni tamu zaidi.

Maembe yana msimu wake, Desemba hadi Machi hivi, na huja yote kwa pamoja. Makueni walijenga kiwanda chao cha kaunti kule Kalamba kusindika matunda hayo, lakini bado mengi huozea chini ya miti. Kwa sosi, embe la aina ya apple ndilo bora kwa kuwa halina nyuzi nyingi. La kienyeji lipitishe kwenye chujio. Saga embe moja lililoiva, changanya na kikombe cha donge, pilipili, chumvi kidogo sana na tangawizi iliyokunwa. Usitie sukari, embe linajitosheleza. Embe bichi nalo nalipigia debe: likune, likamue maji, lichanganye na donge, pilipili na chumvi. Ukilila na nyama choma hutauliza tena tomato.

Avokado za Mbooni na Kilungu hazihitaji maelezo marefu. Moja iliyoiva, nusu kikombe cha donge, limau, chumvi. Basi.

Tunda la kuliogopa ni papai. Makueni lipo kwa wingi na mtu anaweza kuona ni sawa na embe. Papai bichi au lililoiva lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na baada ya muda sosi huwa chungu na kulegea. Nanasi lina tabia hiyohiyo. Ukitaka kuvitumia, vichemshe kwanza vipoe, au uchanganye dakika ile ile ya kula.

Sosi ya saladi ni kinyume cha ile ya kuchovyea: hapa tunataka wepesi, na uchachu wa aina mbili. Ukambani kuna ukwaju tele, na watu wengi wanaufahamu kwa juisi tu. Loweka kipande cha ukwaju chenye ukubwa wa kidole gumba katika robo kikombe cha maji ya moto, ukamue, uchuje. Ukipoa, utie kidogo kidogo katika kikombe cha kefiri au lala ambayo haijakamuliwa, huku ukikoroga. Ukiumwaga wote kwa mara moja, au ukiwa bado moto, maziwa yatakatika vipandevipande. Ongeza kijiko cha chai cha asali, na hapo Mwingi hawana mpinzani, pamoja na pilipili manga na chumvi chembe. Mimina juu ya kabichi na karoti zilizokatwa nyembamba.

Lakini kabichi ina hila. Ukiitia sosi mara tu baada ya kuikata, itatoa maji na chini ya bakuli utakuta bwawa. Ikate, inyunyizie chumvi kidogo, iache robo saa, ikamue kwa mikono, ndipo umimine sosi, na chumvi ya sosi uipunguze. Matango yatendee hivyo hivyo. Vitunguu vya kachumbari unavikamua kwa chumvi siku zote, kwa hiyo kazi hii si ngeni kwako.

Sosi ikiwa nyepesi na huna saa za kuning'iniza kitambaa, tumia unga wa mabuyu. Mibuyu imejaa Kibwezi na kusini mwa Kitui. Kijiko kimoja cha mezani cha unga mweupe wa ndani ya buyu katika kikombe cha lala huanza kuifanya nzito baada ya kama dakika kumi, na hukuongezea vitamini C na uchachu safi usiohitaji limau. Usitumie yale mabuyu mekundu ya dukani yaliyopikwa na sukari na rangi.

Sosi hizi hazipendi moto. Ukizitia kwenye mchuzi unaochemka hukatika, na vijidudu ulivyovitunza usiku kucha hufa. Epua kwanza, subiri mvuke upungue, ndipo ukoroge.

Kuhusu kuhifadhi: ndani ya friji, donge tupu hukaa wiki moja, na lililotiwa dania na kitunguu siku tatu au nne. Asiye na friji atengeneze ya mlo mmoja na aile siku hiyohiyo. Mtungi wa udongo uliozungushiwa gunia bichi na kuwekwa penye upepo hupoza vizuri katika hewa kavu ya Ukambani, lakini huo ni wa kukufikisha jioni tu. Kijiko kilichoingia mdomoni kisirudi bakulini. Mgawie kila mtu kisahani chake, hata kama ni familia.

Usimwamini anayekwambia kefiri inaponya kisukari au saratani. Ni chakula. Ina protini na kalsiamu, na kwa kuwa sehemu ya sukari ya maziwa imeshaliwa na vijidudu, baadhi ya wanaoumwa tumbo wakinywa maziwa ya kawaida huivumilia. Mwenye kinga dhaifu, kama vile aliye katika matibabu ya saratani, amwulize daktari wake kabla ya kula kefiri ya nyumbani. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe sosi yoyote yenye asali.

Majirani wakishaonja, wataanza kukuagiza, na hapo wazo la biashara litakujia. Ni wazo zuri, lakini kumpa jirani bakuli ni jambo moja na kuuza chupa sokoni ni jingine. Bidhaa za maziwa za kuuza zinahitaji kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS). Pitia ofisi zao kabla ya kuchapisha lebo, na kabla ya hapo hakikisha sosi yako ya wiki hii ina ladha ileile ya wiki iliyopita.